Shajara ya mradi: kufundisha manesi wa upasuaji kuzuia bonge la damu lisifike mapafuni

Aprili, mwanzoni

Naanza kuandika hapa ili wote tulioko kwenye mradi tujue tumefika wapi, na walioko hospitali zingine wakitaka kufanya kama hivi wasianze sifuri. Mradi wenyewe ni somo la kujiendeleza kitaaluma kwa manesi wa wodi za upasuaji, mifupa na wazazi, kwa Kiswahili, kuhusu kuzuia PE. Yaani lile bonge la damu linalojitengeneza kwenye mishipa ya miguu au nyonga, linakatika, linapanda na damu kupitia vena kava ya chini, ule mshipa mkubwa unaorudisha damu ya miguuni na tumboni, mpaka upande wa kulia wa moyo, alafu linaenda kuziba mshipa wa mapafu. Kila nesi aliyekaa wodini muda mrefu anaijua ile hali. Mgonjwa kafanyiwa oparesheni vizuri tu, kidonda kikavu, anasubiri ruhusa, anaamka kwenda chooni anadondoka, na mkikimbia na oksijeni tayari hamna kitu. Ndugu wanaambiwa moyo umesimama.

Wodi yetu ya mifupa imejaa vijana wa bodaboda. Wengi wamevunjika mfupa wa paja, na pale ambapo msumari wa SIGN, ule wa chuma wa kuunga mfupa kwa ndani, haujapatikana au thieta ina foleni, kijana anawekwa traksheni, analala chali na jiwe linaning'inia mguuni wiki sita, wiki nane. Miaka ishirini na kitu, afya njema, hakuna anayemfikiria kama mtu wa kuganda damu. Ukienda wodi ya wazazi unakuta mama kajifungua kwa oparesheni na nyumbani kila mtu anamwambia alale, atulie, asishuke kitandani. Wote hawa wako kwenye hatari ya jambo lile lile.

Kwenye kikao cha kwanza sista incharge wa mifupa aliniuliza swali zuri sana: "Dada, umeandika kinga kwa upasuaji, filta za kwenye mshipa, sasa sisi huku filta tutaiona wapi?" Filta ni kichujio kidogo cha waya kinachowekwa ndani ya vena kava kunasa bonge lisipande. Nikamjibu kwamba ataiona, na nilikuwa namaanisha. Wagonjwa wanaenda India wanarudi, wengine wanatoka kwa watoto wao Marekani na Uingereza, na hapa kwetu Muhimbili tangu 2018 madaktari wanafundishwa zile tiba za kupitisha waya na katheta kwenye mishipa kwa kuongozwa na picha, kwa hiyo wataalamu wanaongezeka. Na hata asipoiona mwaka mzima, historia ya filta inamfundisha nesi jinsi bonge linavyosafiri kuliko slaidi nyingine yoyote niliyowahi kutumia.

Aprili, katikati

Sehemu ya historia imekamilika, nimeiandika upya mara kadhaa kwa sababu kila nikisoma naona inabidi ieleweke kama mlolongo mmoja. Naiweka hapa kwa kirefu maana ndiyo msingi wa somo zima.

Rudolf Virchow kule Ujerumani, miaka ya 1840 na 1850, ndiye aliyeonyesha kwamba bonge linalokutwa kwenye mapafu ya maiti halikuzaliwa pale, limetoka kwenye mishipa ya chini likasafiri. Na mambo matatu yanayogandisha damu ambayo mpaka leo tunayaita kwa jina lake, damu kwenda taratibu, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda, ukimtazama kijana wa traksheni anayo yote matatu, hajatikisa mguu, mfupa umechana vitu ndani, na mwili ulioumia unaongeza vigandishi. Sasa ukishajua bonge linatoka chini na njia ni moja, wazo linalokuja ni kuifunga njia. John Hunter wa London alishafunga mshipa wa paja mwaka 1784 kwa mgonjwa mwenye maambukizi ya mshipa. Armand Trousseau kule Paris mwaka 1868 akatoa wazo la kuweka kizuizi ndani ya vena kava yenyewe, ila vifaa hakuna. John Homans wa Boston mwaka 1934 akapendekeza kufunga mshipa wa paja kabisa ili bonge lisipande, na ni huyu huyu ambaye dalili ya kukunja kanyagio na kusikilizia maumivu ya kigimbi ina jina lake. Nimeandika wazi kwenye somo kwamba dalili hiyo isitegemewe. Wengi wenye DVT, yaani bonge kwenye mishipa ya ndani ya mguu, hawana, na wengi walionayo hawana DVT.

Wakati huo huo wengine walikuwa wanajaribu kulitoa bonge likiwa limeshafika. Hapa manesi watafurahi maana majina wanayajua. Friedrich Trendelenburg, yule yule wa kitanda cha kuinamisha kichwa chini, mwaka 1908 alieleza oparesheni ya kufungua kifua haraka haraka na kulichomoa bonge kwenye mshipa wa mapafu, lakini wagonjwa wake hawakupona. Mwanafunzi wake Martin Kirschner ndiye aliyefanikiwa, mwaka 1924, na huyu ni Kirschner wa zile K-waya, waya za kushikilia mifupa, tunazozihesabu kila siku kwenye trei za mifupa. Nilipomwambia dada mmoja wa thieta alinyamaza kidogo akasema basi kumbe mtu mmoja alishughulika na mifupa na akashughulika na kinachoua watu wa mifupa.

Baadaye madaktari wa upasuaji wakahamia juu, wakawa wanafunga vena kava yenyewe. Bonge linazuiwa kweli, ila damu yote ya miguuni inakosa njia ghafla. Moyo unarudishiwa damu kidogo, presha inashuka, na kwa mgonjwa aliyeshachoka na PE ya kwanza hiyo peke yake inaweza kumuua. Anayepona anabaki na miguu iliyovimba na vidonda visivyopona, na mwili unafungua mishipa ya pembeni ambayo nayo ikitanuka bonge linapita humo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wakaja na wazo la kuugawa mshipa badala ya kuufunga. DeWeese na mwenzake Hunter mwaka 1958 walishona nyuzi kukatiza ndani ya vena kava, wengine wakabana kwa klipu za plastiki zenye meno zinazoacha vijia vidogo damu ipite. Bora zaidi, ila bado unampasua tumbo na kumlaza kwa dawa ya usingizi mtu ambaye mapafu yake yameshaziba nusu.

Kazi Mobin-Uddin, akiwa Miami, mwishoni mwa miaka ya 1960 akatengeneza kitu kama mwavuli mdogo wenye matundu, unaingizwa kupitia mshipa wa shingoni kwa ganzi ya sehemu tu, unafunguka ukifika chini. Hii ilibadilisha kila kitu, hamna tena kupasua tumbo. Ila mwavuli wenyewe mara nyingi uliishia kuziba vena kava kabisa, na mingine ilihama kupanda moyoni, mwishowe ukaachwa.

Alafu 1973. Lazar Greenfield, daktari wa upasuaji Oklahoma, alimpoteza kijana aliyeumia ajalini kwa PE wakati wanajaribu kuliondoa bonge, akaenda kukaa na injinia wa mafuta anaitwa Garman Kimmell. Kwenye mabomba ya mafuta kuna chujio za kunasa uchafu bila kusimamisha mafuta, na siri yake ni umbo la pia, koni. Bonge likinaswa linakaa kwenye ncha katikati, damu inaendelea kupita pembeni kuzunguka. Koni ikijaa mpaka asilimia 70 ya kina chake, nafasi ya mshipa iliyozibwa ni kama nusu tu, na damu inayopita pembeni inalilamba lile bonge taratibu mpaka linayeyuka. Miguu sita ya chuma, vindoano vidogo mwishoni vya kushika ukuta. Mwanzoni iliwekwa kwa kuupasua na kuufungua mshipa wa shingoni au wa kinenani, ila 1984 ikaanza kuingizwa kwa sindano tu kupitia ngozi, na tangu hapo kazi ikahama taratibu kutoka mikononi mwa madaktari wa upasuaji kwenda kwa wa radiolojia. Nesi akibaki na hii picha ya koni kichwani anaelewa kwa nini filta inawekwa chini kidogo ya mishipa ya figo. Ikiziba, figo zisikose njia ya kurudisha damu.

Mei

Nimetumia muda mwingi kwenye sehemu ya nani anawekewa. Hapa ndipo nataka manesi wawe na msimamo wao maana wataulizwa na ndugu: "Sista, huyu mbona hawekewi hicho kitu asife?"

Filta ni ya mgonjwa mwenye DVT au PE iliyothibitishwa ambaye dawa za kuzuia damu kuganda hawezi kupewa, labda anavuja damu kichwani, ametoka oparesheni ya ubongo au uti wa mgongo, kidonda cha tumbo kinatoa damu. Au alipewa akaanza kuvuja. Au anatumia dawa vizuri na bado mabonge yanapanda. Basi. Sio ya kila aliyelala muda mrefu.

Majaribio makubwa nimeyaeleza kwa maneno ya wodini. La Ufaransa linaitwa PREPIC, lilitoka 1998, wagonjwa 400 wenye DVT ya sehemu ya juu ya mguu, wote wanapewa dawa, nusu wakaongezewa filta ya kudumu. Siku ya 12 PE ilikuwa asilimia 1.1 kwa wenye filta na 4.8 kwa wasio nayo, kwa hiyo inanasa kweli. Ila baada ya miaka miwili DVT mpya ilikuwa asilimia 20.8 kwa wenye filta na 11.6 kwa wengine, na vifo havikutofautiana. Yaani chuma kinachokaa ndani ya mshipa kinakuwa nacho ni sababu ya damu kuganda. PREPIC2 ya 2015 ilitumia filta za kutolewa, ikakuta PE miezi mitatu baadaye ni asilimia 3.0 kwa wenye filta na 1.5 kwa waliopewa dawa peke yake, kwa hiyo mtu anayeweza kutumia dawa, filta haimwongezei kitu. Na kwa majeruhi wa ajali kubwa kuna utafiti wa Australia wa 2019, watu 240 ambao wasingeweza kupewa dawa mwanzoni, wakiwekewa filta ndani ya saa 72, kwa ujumla haikupunguza PE yenye dalili wala vifo. Faida ilionekana kwa wale waliofika siku ya saba bado hawawezi kupewa dawa, kwenye filta hakuna aliyepata PE kati ya 46, kwa wasio nayo walikuwa watano kati ya 34.

Ukiyaunganisha haya yanatoa jambo moja ambalo nimeamua ndilo somo litalisimamia. Filta inanasa bonge ambalo tayari lipo, haizuii bonge kuzaliwa. Ina muda wake, na muda ukipita inaanza kumdhuru aliyeibeba. Kwa hiyo swali la nesi mbele ya mgonjwa mwenye filta ni moja: inatoka lini na nani anaishikilia hiyo tarehe?

Mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, mwaka 2010 ilitoa tahadhari baada ya kupokea taarifa 921 za matatizo ya filta tangu 2005. Kati ya hizo 328 ni filta kuhama, 146 ni vipande kukatika na kusafiri, 70 ni kutoboa vena kava, 56 ni kuvunjika. Mwaka 2014 wakaongeza kwamba kama hatari ya PE imepita, hesabu zao zinaonyesha muda mzuri wa kuitoa ni kati ya siku 29 na 54 tangu kuwekwa. Ndiyo, mwezi mmoja mpaka miwili. Sio "ukijisikia vibaya urudi".

Mei, mwishoni

Imetokea kitu ambacho kimebadilisha ratiba ya mradi.

Kuna baba mmoja alilazwa wodi ya upasuaji kwa ajili ya ngiri. Kijana wa kujitolea pale wodini akiangalia filamu ya eksirei ya tumbo akaona kitu cha waya kama buibui aliyening'inia karibu na uti wa mgongo, akamwita nesi wa zamu, nesi akamuuliza mgonjwa kwa upole, "Baba, uliwahi kuwekewa kitu chochote mwilini?" Akasema ndiyo, alipata ajali miaka kadhaa nyuma, akavunjika nyonga, ndugu wakachanga akapelekwa nje ya nchi, huko waligundua damu imeganda mguuni na asingeweza kupewa dawa kwa sababu ya oparesheni, wakamwekea "kinga" kupitia shingoni. Faili alikuwa nalo nyumbani. Lilipoletwa, kwenye ukurasa wa mwisho kabisa imeandikwa arudi baada ya miezi mitatu itolewe. Hakuna aliyemsomea huo ukurasa. Alirudi nyumbani akaenda kliniki ya mifupa akaonekana anatembea vizuri, kila mtu akafurahi.

Yeye mwenyewe alikuwa anadhani ni kitu cha maisha kinachomlinda, na alikuwa anakishukuru. Miguu inavimba jioni, akawa anasema ni umri.

Sasa hapa ndipo incharge wa mifupa aliponifuata mwenyewe. Hakurudia swali la filta tutaiona wapi. Aliniambia, "Tutengeneze kitu cha kuwashika hawa watu." Mgonjwa alipewa rufaa Dar na wataalamu wameshamwona, wanapanga. Sisi tukaongeza sehemu mbili kwenye mradi, kadi na daftari.

Kadi ni ndogo, ya kukaa na kadi ya bima. Ina aina ya filta, tarehe iliyowekwa, imepitia shingoni au kinenani, sababu ya kuwekwa, tarehe ya kuonwa kwa ajili ya kutolewa, na namba ya simu ya ndugu wawili, kwa sababu simu ya mgonjwa inabadilika au inaishiwa chaji. Daftari linakaa kliniki ya upasuaji na nesi wa kliniki anapiga simu, sio mgonjwa akumbuke. Na juu ya kadi tumeandika kwa herufi kubwa kwamba mtu huyu akihitaji laini kubwa ya shingoni, yaani mrija wa kupitishia dawa kwenye mshipa mkubwa, anayeiweka aambiwe kwanza. Hii manesi wengi walishangaa. Waya wa kuongozea wenye ncha iliyojikunja, ukisukumwa mbali bila kuangalia picha, unaweza kunasa kwenye filta, na mtu akivuta kwa nguvu anaing'oa na kuihamisha. Nesi anayeandaa trei ndiye wa mwisho kusema "daktari, huyu ana filta" kabla waya haujaingia.

Juni

Kipindi cha majaribio kimefanyika, wodi mbili pamoja, baada ya kupokezana zamu mchana ili wa asubuhi na wa jioni wote wawepo.

Badala ya kuanza na slaidi tulianza na mpira. Mpira wa plastiki unaoonekana ndani, kipenyo karibu na cha vena kava, sentimita mbili na zaidi kidogo, umeunganishwa na ndoo juu na pampu ndogo, maji tumetia rangi nyekundu. Mabonge ni jeli iliyokatwa vipande. Kwanza tukaubana mpira kabisa kwa koleo la thieta. Jeli inakwama, sawa, lakini nyuma ya koleo mpira unajaa na mbele maji yanakatika, na bila kuambiwa na mtu, nesi mmoja akasema "hapo presha imeshashuka." Alafu tukabana kwa klipu nusu nusu, maji yanapita, jeli ndogo zinapenya. Mwisho tukaweka koni ya waya aliyotukunjia fundi baiskeli, miguu sita, tukaachia jeli kubwa. Ikaenda ikakaa kwenye ncha, maji yakaendelea kupita pembeni. Tukaachia nyingine na nyingine mpaka koni ikajaa na maji yakaanza kupungua, na hapo hapo nikauliza mngeona nini kwa mgonjwa. Wakajibu wenyewe: miguu yote miwili inavimba ghafla, inauma, inabadilika rangi. Sijawahi kuona darasa la saa nane mchana liko macho vile.

Baada ya hapo uangalizi wa mgonjwa aliyetoka kuwekewa ukawa rahisi kufundisha. Kabla, ulizia aleji ya dawa ya rangi inayotumika kwenye picha na angalia figo. Baada, alale saa chache kama daktari alivyoelekeza, angalia tundu la shingoni au kinenani kama linavuja au kuvimba, linganisha miguu yote miwili kwa kuipima na tepu, sio kwa macho, angalia mkojo. Maumivu mapya ya mgongo au tumbo yaripotiwe, inaweza kuwa mguu wa filta umetoboa. Na kila asubuhi kwenye raundi aulizwe daktari, hatari ya kuvuja imepita? Dawa inaanza lini? Maana filta bila dawa ni nusu ya tiba, na dawa ikishaweza kutumika hesabu ya kuitoa inaanza.

Maswali ya manesi yalikuwa mengi kuhusu PE yenyewe kwa mtu mwenye filta, je anaweza kupata? Anaweza. Bonge dogo linapenya, lingine linajitengeneza juu ya filta au linatoka mikononi. Kwa hiyo mgonjwa akisema ghafla hapumui vizuri, kifua kinachoma akivuta hewa, mapigo yanakimbia, oksijeni inashuka, anakohoa damu, asiambiwe "wewe una kinga". Mkalishe, oksijeni, laini, vipimo vya hali, ita daktari sasa hivi.

Juni, mwishoni

Nusu ya pili ya somo, ambayo kwa idadi ya maisha ndiyo kubwa zaidi, ni kinga ya kila siku, ili mtu asifike hata kwenye mazungumzo ya filta.

Tumechukua alama za Caprini, njia ya kujumlisha hatari ya mgonjwa kuganda damu, toleo la 2005, tukaliweka kwenye karatasi moja ya kubandika mbele ya faili. Kuvunjika nyonga, kiuno au mguu ni alama 5. Miaka 75 na kuendelea ni 3. Oparesheni kubwa, ya zaidi ya dakika 45, ni 2, kulala kitandani zaidi ya saa 72 ni 2, saratani 2, aliyewahi kupata DVT 3. Kuanzia 5 ni hatari kubwa. Kwa hiyo kijana wa bodaboda mwenye paja lililovunjika ameshafika huko kabla hujajumlisha kitu kingine, na bibi wa miaka 76 aliyevunjika nyonga ana 8 akiwa bado mapokezi. Manesi walipojumlisha wenyewe faili za wodi yao karibu wodi nzima ya mifupa ilikuwa juu ya 5, wakawa wanatazamana.

Dawa: heparini yuniti 5000 chini ya ngozi kila saa 8 au 12, au enoksaparini miligramu 40 mara moja kwa siku, figo zikiwa mbovu daktari apunguze. Sindano iliyojazwa kiwandani usitoe kile kipovu cha hewa, ukitoa unamwaga na dawa. Bana ngozi ya tumbo, choma wima, usisugue. Mgonjwa mwenye katheta (mrija) ya ganzi ya mgongoni isitolewe mpaka zipite saa 12 tangu sindano ya enoksaparini. Angalia pleteleti, zile chembe za damu za kugandisha, hasa siku ya 5 mpaka 10 maana heparini yenyewe inaweza kuzishusha na kugandisha damu, mtu akawa anachomwa kinachomuua. Na aliyefanyiwa nyonga anaendelea mpaka siku 35, ndiyo, akiwa nyumbani, kwa hiyo ndugu afundishwe kuchoma kabla ya ruhusa.

Kuhusu kuamsha mgonjwa ndipo penye vita, na vita ni na ndugu zaidi. Juzi nimesimama na nesi mmoja kijana akimwamsha bibi siku moja baada ya oparesheni ya nyonga, binti yake akaja juu, "Sista jamani, mmemfungua jana tu, mwacheni mama apumzike." Nesi hakubishana. Akasema, "Shikamoo bibi. Dada, njoo umshike mkono huu, mimi nashika huu. Akilala sana damu yake inasimama mguuni, inaganda, tunataka iende." Bibi akakaa ukingoni mwa kitanda, akachezesha kanyagio juu chini, akasema anasikia kizunguzungu, wakasubiri, akaendelea. Binti ndiye aliyekuwa anamhesabia jioni. Nimeomba ruhusa yao tuandike maneno yale yale ya yule nesi kwenye somo kama mfano wa kuongea na ndugu, yanatosha, hayahitaji kuboreshwa.

Kwa walioko traksheni tumekubaliana mguu usioumia ufanye kazi kila saa aliyo macho, kanyagio juu chini, goti kunja nyoosha, na ule uliofungwa vidole vicheze. Maji anywe. Soksi za kubana tunazo chache, zinapimwa kwa tepu kabla, na asiyekuwa na mapigo mazuri miguuni havishwi.

Julai, tulipofika

Somo lina sehemu nne, historia na mpira, nani anawekewa filta, uangalizi na kadi, kinga ya kila siku. Limeshasomwa na daktari wa upasuaji na wa radiolojia, marekebisho yao yameingia. Maombi ya pointi za CPD, yaani za kujiendeleza kitaaluma, yako kwa baraza la wauguzi. Lengo la kufungua rasmi ni tarehe 13 Oktoba, siku ya dunia ya kuganda damu, iliyowekwa siku aliyozaliwa Virchow.

Kwenye mtihani wa kabla na baada, swali lililokuwa linakosewa na wengi mwanzoni ni kama filta inazuia damu kuganda, sasa wanalipata karibu wote. Ambalo bado linasumbua ni lini dawa ianze tena baada ya kuvuja damu, na hilo nadhani litatulia tukiongeza kisa cha mgonjwa wa kujadili, daktari wa upasuaji ameahidi kukiandika.

Kadi zinasubiri saini ya matroni zikachapwe. Daftari la kliniki limeshaanza na lina jina moja, la yule baba. Nesi wa kliniki ameshampigia mara ya kwanza, na anayepokea ni mke wake, kwa hiyo namba ya mke ndiyo imewekwa juu.

Alhamisi tunaenda wodi ya wazazi, saa nane mchana. Mpira na pampu ninavyo mimi, dada wa fiziotherapia analeta tepu za kupimia miguu, na aliyeko zamu ya usiku wodi ya mifupa aje na zile faili za Caprini tulizojaza ili wenzetu wa wazazi waone jinsi zinavyojazwa kweli, sio mfano wa kwenye slaidi.